Kwa Eliwaza, Kabla Hujafunga Kamba za Buti

Eliwaza,

Barua hii nimeiweka ndani ya buti ya samawati ya mguu wa kushoto, zile alizokununulia baba yako, kwa sababu najua ndizo utakazozivaa kesho. Huwezi kuingiza mguu bila kuitoa. Ukishaitoa, kaa chini uisome yote, usifanye kama unavyofanya na maneno yangu mengine, kusikiliza nusu huku unatafuta mkoba.

Nina hasira na wewe. Naandika nikiwa nayo na sitaki kungoja ipoe. Ikipoa nitaanza kulia, na nikianza kulia sitaandika la maana. Leo ni Jumapili, saa nane mchana. Umekwenda kuagana na wenzako wa kazini. Aminieli yuko ghalani Ras Al Khor, wanapakua kontena. Hata wale dada wa Kiganda wa chumba cha pili wametoka. Nyumba kuwa kimya hivi hapa Muraqqabat, Dubai, ni jambo la mara moja kwa mwaka, na badala ya kulala nimekaa sakafuni karibu na mlango, jozi mbili za buti ziko mbele yangu, nazitazama kama adui zangu.

Mambo ya kula vizuri, kusali, kufunika kichwa kwenye baridi, hayo sitayaandika. Una miaka ishirini na mitatu. Bibi yako alikufundisha hayo yote kule nyumbani Same wakati mimi niko huku nikikunja mashuka ya watu. Ninachotaka kukuandikia ni kuhusu miguu yako, kwa sababu kesho saa nne asubuhi unaruka kwenda nchi ya Jojia, kwenye kazi mpya ya kuwatembeza Waarabu kwenye theluji, na jana dukani ulichagua viatu vibaya mbele ya macho yangu, tena ulivichagua ili kumuumiza mtu mmoja.

Huyo mtu ni Aminieli, mume wangu. Najua hupendi nikimwita hivyo. Nitamwita hivyo mara nyingi katika barua hii, vumilia.

Nina miaka arobaini na minne na nina miezi mitatu ya ndoa, na sioni haya kukuambia kwamba nikisikia ufunguo wake mlangoni moyo wangu unaruka kama wa msichana wa kidato cha pili. Ananiita ua lake ndani ya lifti, watu wamejaa, Wahindi na Wafilipino wanatazama namba za ghorofa, na yeye hajali. Nikirudi kutoka chumba cha kufulia cha hoteli, miguu imevimba kwa kusimama saa kumi, anaiweka mapajani mwake na kuikanda huku akiimba besi ya wimbo wa kwaya ambao mimi naimba sauti ya kwanza. Hivyo ndivyo tulivyokutana, yeye nyuma na mimi mbele, na kwa miezi saba nilikuwa naisikia sauti yake kisogoni kabla sijageuka kuiangalia sura. Nilipogeuka, mwanangu, nikasahau maneno ya ubeti wa pili. Sikujua kwamba kuna mwanamume anayeweza kukusikiliza mpaka umalize sentensi. Nilidhani hao wanatengenezwa kwenye sinema.

Na wewe siku ya harusi yetu ulipewa kipaza sauti useme neno moja la kumpongeza mama yako. Ukasema unamshukuru mume wa mama kwa kumtunza, lakini wewe baba unaye. Watu wakapiga makofi wakidhani ni utani. Aminieli naye alipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, niliona shingo yake ikiinama.

Baba yako unaye, sawa. Alitoka nyumbani ukiwa na miaka miwili, akaenda Sharja kuendesha basi la wafanyakazi, akanyamaza. Hakutuma salamu, hakutuma soksi. Nilipokuja Dubai miaka mitatu baadaye sikuja kumfuata, nilikuja kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kukusomesha. Kwa miaka kumi na minane tumeishi mwendo wa nusu saa kutoka kwake, na hakuvuka. Mwaka huu amekupata kwenye simu, amekupeleka kula samaki, amelia mezani, na wewe umerudi nyumbani macho yako yanang'aa. Nilichukia yale macho. Naandika ukweli, leo sina nguvu ya kuandika kingine. Nilikuwa nimekaa natoa mawe kwenye mchele na nilitamani kuurusha ukutani.

Kisha akakununulia buti. Za samawati, nyepesi, nzuri, zinakunjika kama chapati. Ukazipiga picha ukazituma kwa ulimwengu mzima.

Sasa nikukumbushe habari ya viatu, kwa sababu mimi ndiye niliyeanza kuharibu miguu yako, si yeye.

Ulipokuwa Same, kila mwaka nilikutumia viatu vya Krismasi. Bibi yako alikusimamisha juu ya karatasi ya daftari, akauzungushia mguu wako kalamu, karatasi ikakunjwa na kupewa mtu yeyote anayekuja huku. Mara nyingine ilinifikia baada ya miezi mitano. Nilikuwa naikata kwa mkasi, naingia nayo kwenye maduka ya Deira, naitumbukiza ndani ya kiatu kimoja baada ya kingine, wenye maduka wananicheka. Mguu wa karatasi ulikuwa wa mwezi wa sita na wewe ulikuwa umeshakua. Sikulifikiria hilo. Nilinunua vile ambavyo karatasi ilikaa sawasawa, sikuongeza hata upana wa kidole, kwa sababu nilitaka vionekane vimeshonwa kwa ajili yako.

Kisha nilikuwa napiga simu. Nauliza, vinakutosha eeh, vizuri eeh? Na wewe unajibu kwa sauti ndogo, vinanitosha mama.

Ulipokuja hapa ukiwa na miaka kumi na tisa, siku ile ya kwanza, ulivua viatu ukapanda kitandani kwangu ukalala usingizi wa safari. Nikakaa nikakuangalia miguu. Vidole vidogo vyote viwili vilikuwa vimejikunja na kuingia chini ya vingine. Nikampigia bibi yako kumgombeza, kwa nini hakusema. Akanijibu bila kupandisha sauti kwamba kitu kilichotumwa na mama kutoka Uarabuni hakirudishwi, na kwamba mtoto mwenyewe ndiye aliyekataa asiambiwe mtu. Ulikuwa na miaka saba uliposema hivyo. Kila mwaka ulitembea kwenda kanisani na mapenzi yangu yamekubana, ukirudi nyumbani unavivua nyuma ya jiko ili watu wasione.

Nilijiambia kwamba ni kosa la bibi. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba nilikuwa nauliza swali lenye jibu moja tu. Mtu akishakuambia vizuri eeh, umebakiwa na neno gani la kusema?

Ndiyo maana jana nilikutambua.

Nitakueleza jana kama nilivyoiona mimi, kwa sababu wewe uliiona ukiwa na kiburi. Aminieli alikuwa ameshakununulia zile buti nyeusi, kimya kimya, kutoka ghalani kwao ambako viatu vya milima ya dunia nzima vinapita mikononi mwake. Hakuniuliza namba. Alitoa soli ya ndani ya kiatu chako cha kazini kilichokuwa hapa mlangoni, akaipima kwa futi ya chuma, akairudisha. Ulipozifungua ulisema ni nzito, ni ngumu, ni za jela, na kwamba wewe umepanda majabali ya Hatta kila Jumamosi miaka miwili na hujavaa kitu kama hicho. Yeye akasema kwa upole kwamba Hatta ni jabali kavu, pale kiatu kinachokunjika ni kizuri, kinashika mwamba, mguu unahisi njia. Theluji iliyoganda ni kitu kingine. Ukabisha. Akasema basi twende kule dukani kwenye maduka makubwa ambako kuna ule mteremko wa mbao wa kujaribia, uvae zote mbili, utaamua mwenyewe.

Tukaenda sote watatu kama familia. Nilivaa gauni langu la kijani. Nilidhani, mimi mjinga, kwamba tutakula aiskrimu baadaye.

Yule rafiki yako Mkenya anayeuza pale alizipokea zile nyeusi kwa vidole viwili. "Aki Waza," akakwambia, "hizi ni za askari wa gereza. Utatembeza wageni ama utawafunga?" Mkacheka. Sikumchukia yule msichana, alikuwa anatania. Lakini wewe ulikuwa unacheka huku unamtazama Aminieli.

Yeye hakuona au alijifanya haoni. Alipiga magoti. Alishika ile buti ya samawati, kidole gumba kwenye ncha na kingine kisiginoni, akaikunja, ikakunjika katikati. Akashika ile nyeusi, akaikunja kwa nguvu zake zote, ikakataa. Akakueleza kwamba kwenye mteremko wa barafu unasimama kwa ukingo wa soli tu, na soli inayokunjika inakumwaga. Unapiga ncha ya kiatu kwenye theluji ngumu kujichimbia ngazi, na ncha laini inaumiza kidole badala ya kuchimba. Na yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti, ukiyafunga kwenye kiatu laini, yanachomoka njiani, na yanachomoka pale pabaya. Kisha akakwambia uvae ile nyeusi bila kufunga kamba, usogeze vidole mpaka vigonge mbele, akaomba aingize kidole chake kimoja nyuma ya kisigino chako kuona kama kuna nafasi ya soksi nene na ya damu kupita.

Ukavuta mguu. Ukasema kwa Kiswahili safi, polepole, duka zima lisikie:

"Mama, mwambie mume wako aache. Huko kwao alikuwa mchukuzi, alizoea kupiga magoti mbele ya miguu ya wageni. Mimi si mgeni wake."

Alibaki amepiga magoti. Kisha akaanza kurudisha karatasi ndani ya buti nyeusi, moja moja, akizikunja vizuri kama zilivyokuwa.

Hukuuliza hata siku moja kwa nini anachechemea kidogo. Unadhani ni uzee. Nitakuambia sasa, kwa sababu yeye hatakuambia.

Alikuwa mgumu. Hivyo ndivyo wachukuzi wa Kilimanjaro wanavyoitana, wagumu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mdogo kwako kwa mwaka mmoja. Safari ikiisha pale getini, wageni wanavua vitu vyao wanaviacha kwa wachukuzi, jaketi, kofia, viatu, na kiongozi anapigisha kura ili watu wasigombane. Siku ile kura ikamwangukia Aminieli, akapata buti. Za kijani, nyepesi, mpya kabisa, za mzungu fulani mwenye mguu mdogo. Kiongozi akamuuliza, zinakutosha? Wenzake ishirini wamesimama wanasubiri aseme hapana. Aliingiza mguu, akakunja vidole, akasema zinanitosha.

Safari iliyofuata akazivaa. Huko kambi ya juu theluji ikaanguka mchana na usiku. Anasema vidole viliuma, vikauma sana, kisha vikaacha kuuma, na alifurahi. Hilo ndilo lililonifanya niweke kikombe chini aliponisimulia. Alifurahi, akadhani viatu vimelainika. Aliendelea kubeba mzigo wa mgeni mpaka wakashuka. Hospitali wakamkata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Hakuweza tena kushuka mlima na mzigo kichwani. Ndipo akaja huku. Usiku wa harusi yetu hakutaka kuvua soksi, mwanamume wa miaka hamsini, aliona haya. Nilizivua mwenyewe. Nikaubusu ule mguu, na kama unasoma hapa unakunja uso, kunja tu. Nampenda mwanamume huyu mpaka kwenye vidole ambavyo hana.

Na huyo ndiye uliyemwambia amezoea kupiga magoti.

Nilikwambia neno baya jana. Nilikwambia basi nenda, ukakatwe vidole, labda ukirudi unachechemea utajifunza adabu. Yule rafiki yako aligeuka akaanza kupanga soksi zilizokuwa zimeshapangwa. Ukavaa zile za samawati, ukapanda ule mteremko wa mbao ukitikisa nywele, ukashuka. Na wakati wa kushuka nilikuona. Ulikunja vidole. Ulipofika chini mdomo ulikuwa unatabasamu na paji la uso halitabasamu. Yule rafiki yako akauliza ziko aje, na wewe ukasema kwa sauti ndogo, ile ile ya kwenye simu, zinanitosha.

Hapo ningesema, na sikusema. Nilitembea mbele yako mpaka kituo cha treni nikilaani adabu zako. Nilikuwa na hasira kweli. Lakini nyuma ya hasira kulikuwa na kitu kingine, na ndicho kinachonifanya niandike barua badala ya kukuambia mdomoni, kwa sababu mdomoni ningekipindisha.

Wiki tano zilizopita baba yako alinipigia simu. Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu ukiwa na miaka miwili. Nilikuwa kazini, mashine zinanguruma, nimeshika shuka ncha mbili.

"Mama Waza," akasema, kama mtu aliyekula kwangu jana, "mtoto anavaa namba ngapi?"

Alitaka kukununulia zawadi ya safari. Alisema hataki kukuuliza wewe, iwe siri. Alisema anaona haya kwamba hajui mguu wa mtoto wake, na ni nani mwingine wa kumuuliza.

Nilijua, Eliwaza. Mwezi mmoja kabla ya harusi nilikuwa nimekununulia vile viatu vya dhahabu vya kusimama nyuma yangu kanisani. Safari hii hatukutumia karatasi. Ulikaa kwenye kiti, nikakuvalisha mwenyewe kwa mkono wangu, nikabonyeza mbele kwa kidole gumba. Thelathini na tisa. Nilifurahi mpaka nikamwambia muuzaji, huyu ni binti yangu, anavaa thelathini na tisa.

Nikamwambia baba yako thelathini na nane. Kisha nikakata simu.

Sikukosea na sikusahau. Nilitaka ufungue lile boksi, uingize mguu, na ujue kwamba hakujui. Nilitaka vikubane. Nilitaka umrudishie ukiwa umeudhika, au uje kwangu ulalamike, na mimi niseme, unaona? Niliwaza hata sura nitakayoiweka usoni. Na badala ya kulalamika ukavivaa ukatabasamu ukampigia simu kumwambia ni saizi yako hasa, amejuaje. Ulimfanyia yeye kile ulichokuwa unanifanyia mimi kila Krismasi. Nilikusikia kutoka jikoni. Ningeweza kusema siku ile. Nilinyamaza wiki tano, nikatazama unavipakia, huku najua unakwenda mahali ambapo kiatu kinachobana kinasimamisha damu.

Sasa unajua kwa nini nilipiga kelele vile jana. Mtu mwenye kosa hupiga kelele sana, na mimi nina koo zuri.

Leo asubuhi nilimwambia Aminieli. Nilidhani atanishika mkono. Tangu tuoane hajawahi kuacha chai yangu, leo aliiacha nusu. Alivaa viatu vyake vya kazi, akafunga kamba, akasimama mlangoni.

"Mimi nilipewa buti na mtu asiyenijua," akasema. "Huyu amebanwa na mama yake." Kisha akasema, "Mwambie yeye, usiniambie mimi," akashuka ngazi, hakungoja lifti.

Miezi mitatu ya asali, na leo nimejua kwamba yule anayenisikiliza mpaka nimalize sentensi anaweza pia kuisikia sentensi yenyewe. Bado nampenda. Nampenda zaidi, na inauma.

Saa sita nilimpigia baba yako. Sikumsalimu. Nilimwambia namba niliyompa ilikuwa ya uongo na nilimwambia kwa nini. Nikasikia honi za Sharja. Kisha akasema alidhani yeye ndiye aliyesikia vibaya, kwa sababu siku ya kula samaki alitazama viatu vyako chini ya meza akaona kama ni vikubwa kuliko namba hiyo. Alinunua thelathini na nane kwa sababu mama ndiye anayejua. Alisema hivyo, kwamba mama ndiye anayejua. Sijawahi kumchukia kama dakika ile, na safari hii hakuwa na kosa.

Kwa hiyo nimepanga hivi, na sikukuuliza. Kesho saa moja kamili asubuhi atakuja kukupeleka uwanja wa ndege. Nimemwambia apande mpaka ghorofa ya nne, asisubiri chini kama mwizi. Mimi ndiye nitakayefungua mlango. Chai sitampa, usinitazame kwa jicho hilo, nimefika mwisho wa wema wangu kwa mwezi huu. Utampa hizi za samawati mkononi na utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako, kwamba zinakubana. Usimwambie zinakutosha. Atazibadilisha apate thelathini na tisa azitume, na theluji ikiyeyuka huko, mawe yakionekana na majani yakiota, hizo ndizo za kuvaa. Aminieli mwenyewe anasema kwa milima mikavu baba yako amechagua vizuri kuliko ambavyo yeye angechagua. Hakutaka nikuambie, nimekuambia.

Mpaka theluji itakapoyeyuka, vaa nyeusi. Siandiki hivyo ili umpende mume wangu. Usimpende. Mwite huyo bwana, mwite mzee, usimwite chochote. Lakini neno ulilomwambia dukani utalirudisha kabla hujatoka, mbele ya baba yako, kwa sauti ile ile uliyolitolea. Usipolirudisha sitakuzuia kuondoka. Nitajua tu kwamba kukunyima malezi yangu miaka kumi na minne kulikugharimu zaidi ya vidole viwili vidogo, na hilo nitalibeba mimi, halimhusu yeye.

Na kama baada ya kusoma hapa unataka kunipigia kelele, nipo. Dada zetu wa Kiganda watavumilia, nimewavumilia wao. Sitasema vizuri eeh. Nitakuuliza inauma wapi, nitanyamaza mpaka umalize.

Baba yako nimemtajia namba mara mbili kwenye simu, na mara ya pili nimemwambia airudie. Akairudia. Kwa viatu vya kawaida, thelathini na tisa. Kwa soksi nene za theluji, arobaini.

Mama yako